Nakaa chooni hadi miguu inakufa ganzi

Shikamoo Mama,

Barua hii nimeianza mara tatu na mara zote nimeifuta. Sijui mtu anaanzaje kueleza habari za choo kwa mtu asiyemjua. Nina miaka 41, nina mume na watoto wawili, na mdogo ana miaka minne. Kazi yangu ni keshia. Ninasumbuliwa na kufunga choo, na sisemi kwa wiki moja au mbili. Tatizo lilianza taratibu baada ya kumzaa huyu mdogo, na mwaka huu limekuwa ndiyo maisha yangu.

Nikijitahidi sana napata choo mara mbili kwa wiki, tena vigoroli vikavu kama kinyesi cha mbuzi. Asubuhi nyumbani ni mbio tupu, natoka bila kula. Kitu cha kwanza kuingia tumboni ni chai na mkate ninavyokula kaunta saa tatu na nusu. Saa nne hivi haja inakuja, lakini foleni iko mbele yangu na siwezi kufunga droo ya pesa hadi mtu aje anishikie. Basi naibana. Baada ya dakika kumi imepotea na haionekani tena siku hiyo. Jioni naingia chooni na simu yangu, nakaa nusu saa, dakika arobaini, najikamua hadi jasho linatoka na miguu inakufa ganzi. Mwanangu anagonga mlango anataka kigoda chake cha kupandia akipiga mswaki, ambacho mimi kila siku nakisukuma pembeni kwa mguu.

Kinachoniokoa ni chai ya kusafisha tumbo. Nakunywa kila Ijumaa usiku. Jumamosi tumbo linasokota, naenda mara nne, mara tano, hadi yanatoka maji matupu, kisha najisikia mwepesi kama karatasi. Jumapili hakuna kitu. Jumatatu hakuna. Ikifika Jumatano nimevimba, kichwa kizito, na naanza kuhesabu siku za kufika Ijumaa. Rafiki yangu anasema nina uchafu wa miaka mingi ulioganda kwenye utumbo, unatoa sumu, niende nikasafishwe kwa maji. Nilijaribu pia pumba za ngano, vijiko vitano kwa siku. Siku ya tatu tumbo lilikuwa ngoma, nikaacha.

Miezi minne iliyopita nilipimwa nikaambiwa damu imepungua, nikapewa vidonge vya kuongeza damu, viwili kila siku. Tangu hapo choo ni cheusi na kigumu zaidi. Mara mojamoja naona damu nyekundu kwenye karatasi, nadhani ni bawasiri.

La mwisho nalisema kwa haya. Hata siku choo kikiwa laini, hakitoki mpaka nibonyeze kwa vidole, pale katikati ya njia mbili, au ndani ya uke kuelekea nyuma. Mume wangu hajui, na hakuna mwingine anayejua. Mama, huu ni ugonjwa gani? Na hizo chai zimeshaufanya utumbo wangu kuwa mvivu, hautafanya kazi tena wenyewe?

Keshia

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na aya yako ya mwisho, maana ndiyo uliyokaribia kuifuta na ndiyo iliyonieleza mengi kuliko zote. Nimekuwa muuguzi miaka mingi kabla ya kukaa kwenye kiti hiki cha kujibu barua, na hilo la kubonyeza kwa vidole nimelisikia kwa wanawake wa kila aina, wote wakinong'ona, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Limo hata kwenye vigezo ambavyo madaktari hutumia kutambua kufunga choo kwa muda mrefu. Vigezo hivyo ni sita: kujikamua, choo kigumu, kuhisi kuna kilichobaki, kuhisi njia imeziba, kusaidia kwa mkono, na kwenda chini ya mara tatu kwa wiki. Anayepata angalau mawili kati ya hayo zaidi ya mara moja katika kila safari nne za chooni, kwa miezi mitatu, na dalili zake zimeanza si chini ya miezi sita nyuma, huyo anahesabiwa. Wewe umenitajia manne bila kuulizwa.

Sasa sikiliza maneno yako mwenyewe: "hata siku choo kikiwa laini, hakitoki." Kama shida ingekuwa ugumu wa choo peke yake, siku ya choo laini ungemaliza upesi. Kwako kuna jambo la pili, na liko mlangoni.

Puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo, imezungukwa kwa nyuma na msuli unaoivuta mbele, kama kamba iliyopitishwa nyuma ya mpira wa maji ikaukunja. Mpira ukikunjwa maji hayapiti, na ndiyo maana hujichafui ukiwa umesimama kaunta. Ukikaa kwenda haja, msuli ule unatakiwa ulegee, mkunjo unyooke. Kuna watu ambao, bila kujijua, wanausukuma mzigo huku wameukaza ule ule msuli unaotakiwa kulegea. Ni kama mtu anayesukuma mlango kwa bega huku mkono wake mwenyewe umeshikilia komeo. Huyo atakamua hadi kesho. Jambo jingine linaloweza kuwapo, hasa kwa mama aliyezaa kwa njia ya kawaida, ni ukuta kati ya puru na uke kulegea, ukafanya kifuko. Ukisukuma, choo kinaingia kwenye kifuko badala ya kutoka. Vidole vyako vinapobonyeza pale vinaziba kifuko, na mambo yanatoka. Mwili wako umejitafutia dawa wenyewe kabla ya daktari.

Mimi siwezi kukwambia kwa barua kama ni moja, ni la pili, au yote mawili. Linapimwa, tena kwa urahisi: daktari anachunguza kwa kidole huku anakwambia usukume, kisha panapo vifaa anaweka puto dogo lenye mililita 50 za maji na kuangalia kama unaweza kulitoa. Kwa kawaida mtu hulitoa ndani ya dakika moja au mbili. Likionekana ni tatizo la komeo, tiba yake ni mazoezi. Unakaa na mtaalamu wa fiziotherapia ya misuli ya nyonga, kifaa kinakuonyesha kwenye skrini msuli unakaza au unalegea, nawe unajifunza upya kidogo kidogo. Wengi wanaofuata vikao hivyo hadi mwisho hupata nafuu ambayo chai yoyote haiwezi kuwapa, kwa sababu chai haifundishi msuli. Kifuko nacho, kikiwa kidogo, hutulia kwa choo laini na mazoezi hayo hayo. Kikubwa kinachosumbua kina upasuaji wake.

Jambo la pili, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Damu ilipungua, ukapewa vidonge. Je, kuna aliyeuliza damu imekwenda wapi? Hujaniambia kama hedhi yako ni nzito, na kwa umri wako hilo ndilo la kwanza kulifikiria. Lakini mtu mwenye miaka 41, choo kimebadilika, anaona damu kwenye karatasi na damu mwilini imepungua, hatakiwi kujiandikia mwenyewe kwamba ni bawasiri. Mara nyingi kweli huwa ni bawasiri, au mpasuko mdogo uliochanwa na choo kigumu. Hata hivyo saratani ya utumbo mpana nayo huja na dalili hizi hizi, na njia ya kuzitofautisha ni kuchunguzwa, ikibidi kwa kamera. Sikutishi. Nakwambia tu kwamba hili halisubiri tujaribu kwanza matunda na maji. Weka miadi wiki hii. Ukiwa umekonda bila sababu, au kuna mzazi au ndugu wa damu aliyewahi kupata saratani ya utumbo, liseme ukiingia tu. Na siku tumbo likivimba na kuuma sana, ukatapika, hata hewa isitoke, hiyo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Kuhusu weusi: vidonge vya madini ya chuma hukifanya choo kuwa cheusi, hilo ni la kawaida. Kisicho cha kawaida ni choo cheusi kinachong'aa na kunata kama lami, chenye harufu kali. Vidonge hivyo pia hufunga choo, tena sana, kwa hiyo sishangai mambo yalizidi miezi minne iliyopita. Usiviache kwa uamuzi wako. Muulize daktari kama unaweza kunywa kimoja kila baada ya siku moja, maana chuma kikinywewa kwa kuruka siku mwili hukinyonya vizuri na tumbo hupumua. Mpelekee na orodha ya kila kitu kingine unachokunywa. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli, baadhi ya dawa za presha, amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu ya neva), dawa za kiungulia zenye alumini au kalsiamu, hata zile dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, zote hufunga choo. Atataka pia kupima tezi ya shingo, sukari na kalsiamu, kwa sababu mabadiliko ya hapo hupunguza mwendo wa utumbo.

Turudi kwenye Ijumaa yako.

Nina hakika kubwa kwamba ukisoma karatasi ya hiyo chai utakuta jina la sanamaki (senna), mmea wa kuharisha. Chai nyingi za "kusafisha tumbo" zinaitegemea. Sanamaki huuchokoza utumbo mpana ukajikunja, na kazi yake huonekana baada ya saa 6 hadi 12, ndiyo maana unainywa usiku na kusokotwa asubuhi. Sasa fikiria: Jumamosi umetoa kila kilichokuwamo, hadi maji. Jumapili utatoa nini? Utumbo uliofagiliwa wote unahitaji siku mbili, tatu, wakati mwingine nne, ujaze tena mzigo wa kutosha kuleta haja. Hiyo Jumapili na Jumatatu isiyo na choo ni hesabu ya kawaida kabisa. Wewe unaiona kuwa ugonjwa umerudi, hofu inakujaa, na kabla utumbo haujapata nafasi ya kufanya kazi yake, Ijumaa imefika na birika liko jikoni. Nusu ya mateso yako ya wiki unayatengeneza Ijumaa.

Je, utumbo umekuwa mvivu? Hofu hii ni ya zamani, na ushahidi wake ni mdogo. Sanamaki na bisakodili (dawa ya dukani inayochokoza utumbo vivyo hivyo) zikitumiwa kwa kipimo cha kawaida hazijathibitika kuua utumbo. Sanamaki ya muda mrefu inaweza kuupaka ukuta wa utumbo rangi ya kahawia, daktari huiona kwenye kamera, na hutoweka ukiacha. Ugomvi wangu na chai yako ni kwamba hujui kikombe kimoja kina kipimo gani, na kwamba unaitumia kama ufagio wa mara moja kwa wiki.

Na hiyo habari ya sumu, mwambie rafiki yako imeshajaribiwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, London, daktari mpasuaji mashuhuri Sir William Arbuthnot Lane aliiamini kiasi cha kuwakata watu utumbo mpana kwa sababu tu walifunga choo. Utumbo ulikatwa, sumu haikuonekana, na nadharia ikazikwa. Hakuna uchafu wa miaka ulioganda ukutani. Ngozi ya ndani ya utumbo hujibadilisha kila baada ya siku chache, ungeganda kwenye nini? Kuoshwa utumbo kwa maji kunaweza kuvuruga chumvi za mwili, na kumewahi kutoboa utumbo wa watu. Usiende.

Badala yake, muulize daktari au mfamasia kuhusu makrogoli, unga unaoyeyushwa kwenye maji, kwa kawaida gramu 17 kwa siku. Huyashika maji ndani ya choo kisikauke. Hausokoti tumbo na haukimbizi mtu. Unaanza kuuona baada ya siku moja hadi tatu, na unakunywa kila siku, ukipunguza au kuongeza hadi choo kiwe kama ndizi laini. Ukikosa makrogoli, laktulosi hufanya kazi inayofanana, ila ina gesi. Sanamaki au bisakodili ibaki kuwa ya akiba: siku ya tatu imepita bila choo, unakunywa kipimo kilichoandikwa, basi. Maziwa ya magnesia, dawa nyingine ya kulainisha choo, si ya mtu mwenye ugonjwa wa figo. Na kama kuna uwezekano una mimba, sema kabla hujapewa chochote.

Pumba ulizianza kwa pupa, mwanangu. Vijiko vitano kwa siku juu ya utumbo uliojaa vigoroli? Ni kuongeza magari kwenye barabara iliyofungwa. Mtu mzima anahitaji gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku, lakini unapanda kwa gramu chache kila wiki, na unaanza choo kikishalainika. Kwa tumbo lenye gesi, maganda ya ispaghula (makopo mengine huandika psyllium) ni mapole kuliko pumba za ngano: kijiko kimoja cha chai kwenye glasi nzima ya maji, unywe hapo hapo kabla hayajawa uji. Plamu kavu zinasaidia kweli, zina sukari inayoitwa sobitoli inayovuta maji. Kiwi mbili kwa siku nazo. Maji kunywa ya kutosha kukata kiu na kufanya mkojo uwe mweupe. Hayo ya kujilazimisha ndoo nzima huishia kwenye kibofu, hayafiki kwenye choo. Ukiona nyuzinyuzi zinazidi kukuvimbisha hata ukienda polepole, ziache umwambie daktari, maana mlango ukiwa na komeo nyuzinyuzi huzidisha msongamano.

Sasa saa nne. Haja yako haiji kwa bahati. Chakula kikiingia tumboni, hasa cha kwanza baada ya usingizi, utumbo mpana hupokea habari na kuanza kusogeza mzigo, na haja hufuata baada ya dakika kama ishirini, thelathini. Wewe unakula saa tatu na nusu, haja inakuja saa nne. Inatimiza ahadi yake kila siku na wewe kila siku unaifukuza. Ukiibana, puru hulegea na kuacha kuita, choo kinabaki ndani, utumbo unaendelea kukinyonya maji, na kesho yake ni kigumu zaidi. Ukifanya hivyo kwa miaka, hata wito wenyewe hufifia. Wako haujafifia, hilo ni jambo zuri sana katika barua yako na hukuligundua.

Kwa hiyo uhamishe. Kula nyumbani, hata kipande cha mkate na kikombe cha kitu cha moto, kabla ya kuwaamsha watoto. Kisha dakika ishirini baadaye nenda ukakae, haja iwepo au isiwepo, dakika kumi zisizidi. Simu ibaki chumbani, hiyo ndiyo inayokukalisha arobaini, na kukaa huko ndiko kunakovimbisha bawasiri. Kile kigoda unachokisukuma pembeni kiweke mbele ya choo, upandishe miguu yote miwili juu yake, magoti yapite kiuno, uiname mbele, viwiko juu ya magoti. Ukichuchumaa hivyo ule mkunjo wa mpira unanyooka. Usizuie pumzi. Toa hewa polepole kwa mdomo, kama unapuliza chai, tumbo likitanuka mbele, na huko chini uachie kama mtu anayeanza kukojoa. Dakika kumi zikiisha hakuna kitu, inuka uende zako. Ukikosa wiki ya kwanza usijihesabu umeshindwa. Utumbo hujifunza saa kama mtoto anavyojifunza. Na siku haja ikikufuata kaunta, omba kushikiwa droo. Sema unakwenda msalani. Wateja watasubiri dakika tano, hakuna atakayeandikia gazeti.

Mpaka daktari akuone, endelea kubonyeza pale katikati unapohitaji, kwa mkono safi na kucha fupi. Hujafanya dhambi.

Kuhusu haya, najua utafika kwenye chumba cha daktari utasema "nafunga choo" na yeye atakuandikia dawa ya kulainisha, amwite mgonjwa mwingine. Kwa hiyo andika kwenye karatasi maneno haya na umpe mkononi kama ulimi utakataa: "Nina miaka 41. Nafunga choo tangu nilipojifungua miaka minne iliyopita. Hata kikiwa laini siwezi kukitoa bila kubonyeza kwa vidole. Naona damu kwenye karatasi, na niliambiwa damu imepungua. Nataka nichunguzwe puru na misuli ya nyonga, na nijue damu inakwenda wapi." Akiisoma hiyo na asikulaze kitandani akuchunguze, tafuta mwingine, kisha uniandikie tena.